Mabakuli ya sauti na mkeka wa kutetemesha: mama aendelee au aache?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari cha muda mrefu na presha. Magoti yanamsumbua, na siku hizi analalamika ganzi kwenye nyayo. Jirani yake alimpeleka kwenye kituo kimoja hapa mjini. Wanamlaza, wanampigia mabakuli ya shaba karibu na mwili na mengine juu yake, kisha wanamhamishia kwenye mkeka wa umeme unaotetemeka na kutoa joto. Ameshaenda mara mbili. Anasema analala vizuri na magoti yamepoa. Wakampima presha baada ya tiba, ikawa imeshuka. Sasa wanataka alipie vipindi kumi kwa mkupuo, shilingi 400,000, na ameshatoa laki moja ya kuanzia. Wamemwambia mawimbi ya 528 Hz yanatengeneza upya vinasaba, hivyo taratibu ataachana na vidonge. Mama mdogo amekasirika, anasema hiyo ni ngoma ya pepo iliyovalishwa koti jeupe. Je, sauti inatibu kweli au tunaibiwa? Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole kwa kuwekwa katikati. Kabla ya yote ujue kwamba mimi si daktari wa dawa. Ni mfiziotherapia, kazi yangu ni viungo, misuli na mishipa ya fahamu. Huku kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari, nimeshazoea. Vidonge vya mama ni vya daktari wake wa kliniki ya sukari, mimi sivigusi. Ila sauti na mitetemo ni zana ninazozishika kazini, kwa hiyo hapo nina la kusema.

Jibu la haraka ni hili. Mabakuli hayana ubaya. Akipenda kwenda kupumzika, aende. Mkeka asiulalie tena mpaka miguu yake ipimwe. Vidonge visipungue hata nusu. Na hizo laki tatu zilizobaki msitoe.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Sauti inatibu, na hospitali inaitumia kila siku. Sauti ni mtetemo unaosafiri, na hizo Hz ulizotajiwa ni hesabu ya mitetemo kwa sekunde moja. Masikio ya binadamu hunasa kuanzia 20 hadi 20,000 hivi; juu ya hapo sauti ipo ila hatuisikii. Altrasaundi wanayopigwa wajawazito ni sauti ya mamilioni ya mitetemo kwa sekunde. Ile tunayotumia kwenye fiziotherapia huwa ya milioni 1 au milioni 3: ya kwanza huzama ndani ya misuli, ya pili huishia karibu na ngozi. Kwa hiyo mtu akiniambia "tiba ya sauti", simkatalii. Namuuliza: wimbi gani, la nguvu kiasi gani, linaingiaje mwilini, na likifika linafanya nini? Mwenye tiba ya kweli ana majibu yote manne.

Chukua mawe ya figo, maana hakuna mahali ambapo majibu hayo yako wazi kama hapo. Kampuni ya ndege ya Dornier huko Ujerumani ilikuwa ikichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege inayokwenda kasi kuliko sauti. Ilionekana kwamba tone likigonga chuma, mshindo wake unapita ndani kama wimbi na unaweza kuleta madhara mbali na pale lilipogonga. Madaktari wa Munich, akiwemo Christian Chaussy, wakashirikiana na wahandisi hao kuuelekeza mshindo wa namna hiyo kwenye jiwe lililo ndani ya figo. Februari 1980 wakamtibu mgonjwa wa kwanza bila kisu.

Mashine za mwanzo zilikuwa na bafu. Mgonjwa alishushwa ndani ya maji, na wimbi likapigwa kupitia maji hayo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji. Wimbi likitoka majini kuingia mwilini karibu halioni mpaka wowote: linapita ngozi, linapita nyama, haliachi jeraha la maana, mpaka likutane na jiwe, kitu kigumu kisichofanana na kilichokizunguka. Hapo ndipo linapotua nguvu yake. Mapigo elfu mbili au tatu hivi, jiwe linakuwa changarawe, na mgonjwa anaitoa kwa mkojo. Hata hivyo kuna mipaka: jiwe likizidi sentimita 2 madaktari wengi hutafuta njia nyingine.

Nimekaa sana kwenye maji kwa makusudi. Wimbi linalotoka hewani likigonga ngozi, zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake hurudi lilikotoka. Ndiyo maana mpima altrasaundi anakupaka ile jeli ya baridi tumboni. Anafukuza hewa iliyobaki kati ya kifaa na ngozi. Bila jeli haoni kitu. Bakuli linalopigwa sentimita thelathini juu ya goti la mama halina bafu wala jeli. Likiwekwa juu ya mwili wenyewe, hapo mtetemo kidogo unaingia, na mama atausikia kama msisimko mtamu. Lakini kati ya msisimko na nguvu ya kubadilisha goti lililosagika kuna safari ndefu.

Yapo mengine ambayo sauti imeyaweza. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mawimbi ya altrasaundi yaliyokusanywa sehemu moja yatumike kuunguza uvimbe wa kizazi bila kupasua, na mwaka 2016 ikaruhusu njia hiyo hiyo ipite kwenye fuvu na kuunguza kipande kidogo cha ubongo kinacholeta kutetemeka mikono. Tena nisiwapendelee wa hospitali. Kulikuwa na kifaa cha altrasaundi ya nguvu ndogo kilichouzwa kwa miaka mingi kuharakisha mfupa uliovunjika uunge. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jaribio kubwa kwa watu 501 waliovunjika muundi. Waliopewa kifaa kinachofanya kazi hawakupona haraka kuliko waliopewa kisichotoa chochote. Na hiyo altrasaundi ya kusugua mgongo, ambayo wagonjwa wangu wengine huidai kwa jina, ushahidi wake kwa maumivu ya kiuno ni dhaifu sana. Wanaipenda kwa sababu haiumi na mtu analala tu. Mazoezi yanayosaidia zaidi hawayapendi.

Hapo ndipo mama yako anapoingia: "Analala vizuri, magoti yamepoa." Namwamini. Sidhani kama anajidanganya. Ila kujisikia vizuri baada ya tiba na kutibiwa na kile kilichotetemeka ni mambo mawili, na kuna kisa cha kweli kinachoyatenganisha vizuri.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alikuwepo bingwa wa mishipa ya fahamu aitwaye Jean-Martin Charcot. Wagonjwa wake wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, walimwambia kwamba wakisafiri safari ndefu kwa treni au gari la farasi, wakishuka wanajisikia wepesi. Ajabu, maana sisi wengine barabara mbovu inatuua kiuno. Charcot hakuwapuuza. Akaagiza kiti kinachotetemeshwa kwa mashine, akawakalisha wagonjwa humo, na mwaka 1892 akaeleza kwamba wanapata nafuu na wanalala vizuri zaidi. Mwaka uliofuata akafariki, kiti kikasahaulika.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, wakakirudia kisa hicho kwa utaratibu wa siku hizi. Walichukua wagonjwa wa Parkinson wakawagawa makundi mawili. Wote walikaa nusu saa kila siku, kwa mwezi, kwenye kiti cha starehe huku wakisikiliza sauti za kutuliza. Kundi moja kiti kilitetemeka, jingine hakikutetemeka. Matokeo yalitoka 2012: makundi yote mawili yalipata nafuu, na hayakupishana. Nafuu ilikuwepo, ila haikuletwa na mtetemo. Iliyofanya kazi ni ile nusu saa yenyewe, ya kukaa, kutulia, kusikiliza na kuhudumiwa na mtu kila siku.

Fikiria siku ya mama yako. Anaamka alfajiri, anapika, anawaza wajukuu, anawaza sukari. Pale kituoni analazwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, simu imezimwa, mtu anamhudumia saa nzima bila kumwomba kitu. Nani asingelala usiku huo? Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa watu 62 waliolala na kusikiliza mabakuli. Walipoamka walikuwa na wasiwasi mdogo na mwili umelegea. Sina shida na matokeo hayo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la pili lililolala tu bila mabakuli, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni shaba iliyofanya kazi au ni godoro.

Magoti nayo yana maelezo yake. Mtoto akijigonga, wewe unamsugua, naye ananyamaza. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwa nini: habari za kuguswa na kutetemeshwa zikifika kwenye uti wa mgongo hubana njia ya habari za maumivu. Mtetemo wa mkeka unafanya hivyo hivyo kwenye goti. Nafuu hiyo ni ya kweli akiwa kitandani na pengine saa chache baadaye. Gegedu iliyosagika, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, iko vile vile.

Kuhusu presha, hapa nitakuwa mkali kidogo, maana huu mchezo naujua. Mteja anafika ametembea juani, amepanda ngazi, anapimwa papo hapo: juu. Analala saa moja, anapimwa: imeshuka. Anaonyeshwa namba mbili kwenye karatasi. Lakini utaratibu wa kawaida wa kupima presha unataka mtu akae kimya dakika 5 kabla ya kufungwa mkanda, kwa sababu kila mtu akitulia presha hushuka. Mama angelala kwenye mkeka wa ukindu barazani kwake angepata namba ile ile. Ukitaka kujua hali yake halisi, mpimeni nyumbani asubuhi na jioni, akiwa amekaa, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, kwa wiki moja, na muandike. Karatasi hiyo mpelekeeni daktari.

Sasa hiyo 528. Wauzaji husema ni siri ya watawa wa zamani. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, alifundisha kuimba kwa silabi ambazo ndizo zilizozaa do, re, mi. Hakuacha namba yoyote ya mitetemo, na asingeweza, maana watu walianza kuhesabu mitetemo ya sauti kwa sekunde karne nyingi baada yake. Hertz, ambaye kipimo kina jina lake, alizaliwa 1857. Namba hizo alizitoa Mmarekani Joseph Puleo katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, kwa kujumlisha tarakimu za aya katika kitabu cha Hesabu cha Biblia. Mtu ana hiari ya kuamini hesabu za aya. Asiziite sayansi ya vinasaba.

Na hata tukisahau asili yake, piga hesabu ndogo. Ndani ya mwili sauti husafiri mita 1,540 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 528, unapata wimbi moja lenye urefu wa karibu mita 3, refu kuliko kitanda cha mama. Upana wa uzi wa kinasaba ni sehemu mbili za bilioni moja za mita. Wimbi la mita 3 haliwezi kukichagua kinasaba kimoja kibovu likakirekebisha. Linatikisa kila kitu pamoja, kidogo sana, na kupita. Halafu, 528 Hz si sauti ya nadra. Iko katikati ya kinanda, waimbaji wa taarabu wanaipita kila beti, na kichanga akilia sauti yake inazunguka maeneo hayo hayo. Mama aliyelea watoto ameshapata dozi ya bure ya kutosha.

Nakuomba umwambie mama hivi kuhusu vidonge: sukari ya ukubwani ikipanda haipigi hodi. Anaweza kuacha dawa wiki tatu, akajiona mzima, akawasifu waliomwachisha, huku macho, figo na mishipa ya miguu inaharibika. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi iliyopita. Aombe kliniki wampime, na arudie baada ya miezi mitatu. Kama mabakuli yanashusha sukari, yatajitetea yenyewe kwenye cheti, huku akiendelea na dawa. Daktari akiona imeshuka, yeye ndiye atakayepunguza.

Lakini katika barua yako yote, kilichonishtua zaidi ni lile neno "ganzi", ulilolipita kwa haraka.

Kwa bahati, tunalipima kwa mtetemo. Tuna chuma chenye umbo la uma wa meno mawili, kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde kikigongwa. Nakigonga kwenye kiganja, kwanza nakiweka kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa ili ajue mtetemo ukoje. "Unausikia?" Anacheka, anasema kama nyuki. Kisha anafumba macho, nakiweka juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu. Mwenye mishipa mizima atasema nyuki yule yule, na ataniambia amenyamaza lini. Mwenye mishipa iliyoliwa na sukari atasema, "Nasikia baridi ya chuma tu." Wengine hawasikii hata hiyo baridi. Baada ya hapo huja uzi wa nailoni unaobonyezwa sehemu mbalimbali za unyayo. Shughuli yote ni dakika chache, na kliniki ya sukari inapaswa kuifanya angalau mara moja kwa mwaka. Muulize mama ni lini mara ya mwisho alivuliwa viatu kliniki. Nina wasiwasi na jibu.

Mguu usiosikia nyuki mara nyingi hausikii vizuri moto pia. Mkeka wa mama unatoa joto. Mzima angesema "mmenizidishia", wakapunguza. Yeye atalala usingizi wake mzuri, na asubuhi mjukuu ndiye atakayeona lengelenge kwenye kisigino. Kwa mwenye kisukari, kidonda kama hicho kinaweza kumaliza miezi hospitali, na wengine wamepoteza miguu. Kwa hiyo joto lolote miguuni mwake, liwe la mkeka, chupa ya maji ya moto au beseni la maji ya chumvi, halifai mpaka apimwe. Na maji yake ya kuoga yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mwingine.

Kuna jambo baya zaidi, na jina lake ni la yule yule mwenye kiti cha kutetemeka. Charcot ndiye aliyeeleza, mwaka 1868, viungo vinavyosambaratika kwa mtu aliyepoteza fahamu za maumivu. Leo wengi tunaowaona na "mguu wa Charcot" ni wa kisukari: mguu unavimba, unakuwa wa moto na mwekundu, mifupa midogo ya ndani inavunjika, na mgonjwa anaukanyagia kwa sababu hauumi, au unauma kidogo tu. Mguu wa namna hiyo hauhitaji kutetemeshwa. Unahitaji kufungwa usikanyage kabisa, na haraka. Mguu mmoja wa mama ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, msiende kituoni wala msisubiri miadi ya kliniki, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mkeka na zile mashine za kusimama zinazotikisa mwili mzima zina watu wengine zisiowafaa. Mwenye mimba, mwenye betri ya moyo, mwenye kifafa, aliyeganda damu kwenye mshipa wa mguu, aliyevunjika au kuwekewa goti la bandia karibuni, mwenye matatizo ya pazia la jicho (retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga). Wote hawa waulize daktari wao kwanza. Pazia la jicho nalitaja kwa sababu ya mama: kisukari cha muda mrefu hupenda macho. Je, kituoni walimuuliza lolote kati ya haya kabla ya kumlaza? Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mtoa huduma, kabla hata ya kuuliza anatibu nini.

Mtetemo si adui, lakini. Kuna tiba ya mtetemo wa sauti nzito, kati ya 30 na 120 Hz, aliyoiendeleza Olav Skille wa Norway tangu miaka ya 1980, ya spika zilizofungwa ndani ya kitanda. Inatumika kwa watu waliokakamaa misuli na wenye maumivu sugu, na baadhi ya wagonjwa hufaidika kwa kulegea. Majukwaa ya kutikisa mwili yamejaribiwa kwa mifupa iliyopungua nguvu: huko Toronto wanawake 202 waliokoma hedhi walifuatiliwa mwaka mzima, matokeo yakachapishwa 2011, mifupa haikuongezeka uzito. Kwa magoti, tafiti ndogo zimeonyesha nafuu kiasi, hasa pale mtu alipofanya mazoezi juu ya jukwaa hilo. Mimi husema mazoezi ndiyo yaliyofanya kazi, na jukwaa si lazima.

Ukiniuliza sauti ipi ningemnunulia mama, ni muziki, tena wa kwake. Mapitio ya majaribio 73 yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliosikiliza muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji walipata maumivu kidogo, wasiwasi kidogo, na wakahitaji dawa kidogo za maumivu. Kwa wagonjwa wa kiharusi na Parkinson, mdundo unaolingana na hatua humsaidia mtu kutembea vizuri zaidi. Tunawatembeza kwa kupiga makofi. Nimeshuhudia mzee wa kiharusi aliyeshindwa kutamka "maji", uso umemjaa hasira, kisha mkewe akaanzisha kaswida naye akaimba mstari mzima, maneno yote mahali pake. Madaktari wa Boston walitengeneza tiba ya usemi kutokana na jambo hilo mwaka 1973: mgonjwa huanza kuimba "nataka maji", na kidogo kidogo wimbo unapunguzwa mpaka yabaki maneno. Hiyo ni tiba ya sauti yenye majibu ya maswali yangu yote manne, na haihitaji bakuli.

Mama mdogo usimpuuze, ila amewachanganya watu wawili. Ngoma za pepo za pwani yetu, za fundi na uvumba, au kibuki cha Unguja chenye kodiani, au zari ya Oman, zina madai ya viumbe wanaopanda kichwani na kutaka vitu. Kituo hiki kinadai mawimbi. Hayo mabakuli yenyewe, yale ya Nepal na milima ya jirani, kuenea kwake kama tiba kulianzia Ulaya na Marekani miaka ya 1970, si kwa mganga yeyote wa kwetu. Wanachofanana ni kwamba mgonjwa anapewa muda, anazungukwa na sauti, na anaonekana. Ukiangalia foleni ya hospitali, utaelewa kwa nini watu wanakwenda kote kuwili. Suala la dini amuulize shekhe wake, mimi siliwezi.

Kwa magoti aanze na hili nyumbani. Akae kwenye kiti imara, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka aone paja limekaza, ahesabu mpaka tano, ashushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Akizoea, aongeze kusimama na kukaa bila kushika popote, mara tano tano. Avae viatu vilivyofungwa, si kandambili, na kila jioni mtu mwenye macho mazuri amkague nyayo na katikati ya vidole. Maumivu kidogo ya misuli ni kawaida. Goti likivimba, apunguze idadi, asiache.

Akitaka kuendelea na mabakuli, aende kwa kipindi kimoja kimoja, alipe kinachomtosha, na asiwekewe bakuli lolote kwenye mguu wenye ganzi. Kwanza aombe kuona cheti chao cha usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mtoa tiba na kituo chake wasajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Msisite kuuliza, wenye cheti hukitundika ukutani wenyewe. Na yeyote aliyemshauri apunguze dawa za sukari, hilo ni la kuripoti kwa mganga mkuu wa wilaya.

Ile laki moja mliyotoa, idaini kwa upole lakini kwa maandishi. Elezeni kwamba mama ana kisukari na ganzi ya miguu, kwamba hakuulizwa kabla ya kulazwa kwenye mkeka wa joto, na kwamba mmeshauriwa asiutumie. Wakate vipindi viwili alivyopata, warudishe salio. Wakisema fedha hairudi, wambieni waibadilishe iwe vipindi vya mabakuli peke yake, bila mkeka. Wakikataa na hilo, basi iachieni; mama asijilaze kwenye joto lile eti kufidia elfu ishirini.